Kitabu Nilichokataa Kukifungua

Kosa hili nilitenda nikiwa mtu mzima, na silitafutii kisingizio. Nilipokuwa nikifundisha historia ya fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni, nilimnyamazisha mwanafunzi mbele ya wenzake, naye ndiye aliyekuwa na haki.

Tulikuwa tumefika karne ya 17. Ubaoni nilikuwa nimechora mstari mrefu wa vipindi: Chaucer, Shakespeare, kisha Milton na Paradise Lost ya 1667. Nilimsifu Milton kwa moyo wote. Kutunga utenzi mrefu namna ile kuhusu Adamu, Hawa na uasi wa Shetani, niliwaambia, ni kilele cha ufundi.

Kijana mmoja akatoa mkobani daftari kuukuu lililofungwa kwa kipande cha leso. Kurasa zilikuwa zimeiva rangi ya chai, herufi za Kiarabu kwa wino mweusi, na vituo vya beti vimetiwa wino mwekundu.

"Mwalimu, hizi ni tenzi za nyanya. Alikuja nazo kutoka Lamu. Zinaingia wapi kwenye mstari huo?"

Nikamjibu, "Hiyo ni dini, si fasihi. Rudisha mkobani."

Na Milton je, aliandika nini kama si dini? Sikujiuliza. Imani ya Mwingereza ikiingia kwenye shairi niliita sanaa. Ya Mswahili niliita ibada, basi. Wala siwezi kusema sikuambiwa. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ulitungwa Pate mwaka 1728, miaka miwili tu baada ya Gulliver's Travels ya Swift. Wordsworth na Coleridge walipotoa Lyrical Ballads mwaka 1798, mshairi Muyaka bin Haji alikuwa kijana hapa hapa Mombasa. Na mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walikwisha kudai kwa waraka, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba Afrika ndiyo iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Waraka wao niliusoma, nikaujibia mtihani, nikapata alama nzuri.

Miaka baadaye nilimtafuta kijana yule Likoni, nikamwomba radhi. Alinisamehe bila kusita. Lakini nyanya alikwisha fariki, vitu vyake vikagawanywa, na daftari halijulikani liko kwa nani. Nimeuliza kwa jamaa zake Likoni na Lamu, sijapata jibu, na hata kuwaeleza natafuta utenzi gani siwezi, kwa sababu siku ile sikuuliza jina lake.