Kamango: Madoa meupe yaingia bwawani, mama mfugaji akataa kuuza vitoto vya kambale

Katika usultani wa Watalinga, wilaya ya Beni, wafugaji wa samaki wanaujua ugonjwa wa madoa meupe kwa macho kabla ya kuujua kwa jina. Samaki anaonekana kana kwamba mtu amemnyunyizia chumvi laini mgongoni. Anajisugua kwenye matope na kwenye mawe ya ukingo, anaacha kula, kisha anakwenda kusimama pale maji yanapoingia na kufungua mdomo. Wengine wanasema ni maji mabaya, wengine wanasema ni jicho la jirani. Siku chache baadaye wanaokota mizoga kwa beseni.

Mama mmoja wa hapa Kamango, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, amepita katika jambo hilo msimu huu. Ana mabwawa matatu, au etangi kama wengi wanavyoyaita, yaliyochimbwa na baba yake karibu na kijito. Mara ya kwanza kuyapoteza haikuwa kwa sababu ya ugonjwa. Tarehe 11 mwezi wa saba 2013 waasi wa ADF walishambulia Kamango, na makumi ya maelfu ya wakaaji walivuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda. Yeye alivuka na watoto na sufuria moja. Aliporudi alikuta majani yamefika kifuani na mabwawa yamekauka. Akafyeka, akachimba upya, akaanza na samaki wachache wa tilapia. Leo kakao inamlisha kwa msimu, na samaki wanalipa shule. Basi mtu akisema kwamba bwawa ni mchezo wa wazee waliostaafu, hajui hesabu ya mama huyo.

Mwaka huu aliagiza vitoto 800 vya kambale kutoka ng'ambo ya mpaka. Vilifika kupitia Nobili juu ya pikipiki, ndani ya mifuko ya plastiki, baada ya kuchelewa njiani kwa sababu ya mvua. Ilikuwa jioni, kila mtu amechoka. Mifuko ilipasuliwa na samaki wakamwagwa moja kwa moja katika bwawa dogo. Mfugaji mmoja wa Butembo alikuwa amekwisha kulipa nusu ya bei ya vitoto 600, na pesa hizo zilikwisha ingia shuleni. Mpango ulikuwa kuvilisha kwa majuma matatu, kisha kuvipandisha Butembo.

Siku ya tano madoa yakatokea, kwanza kwa samaki kumi, siku ya sita kwa zaidi ya mia.

Mtoto wa dada yake, kijana aliyesomea kilimo na mifugo huko Butembo, ndiye aliyemweleza kinachotokea. Madoa yale si ukungu wala upele. Kila doa ni mnyama mdogo sana, wa chembe moja tu, aliyeingia chini ya ngozi ya samaki na kunenepa pale mpaka kufikia karibu milimita moja. Wataalamu wanamwita Ichthyophthirius multifiliis, na sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni mwenye watoto wengi. Akishiba anatoboa ngozi, anaanguka chini ya bwawa, anajifunga ndani ya ganda na kugawanyika. Mmoja anatoa mamia, hata kufika elfu. Hao wadogo wanatoka kuogelea na kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi wengi wao wanakufa.

Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Dawa haimfikii mnyama aliye chini ya ngozi, wala aliye ndani ya ganda. Inampata yule anayeogelea tu. Kwa hiyo mtu anatia dawa leo, kesho anaona madoa yamepungua kwa sababu wanyama wameshuka chini kuzaa, anashukuru Mungu, anaacha. Baada ya siku chache madoa yanarudi mara kumi. Joto nalo linaharakisha mambo. Maji yakiwa na nyuzi 24 mpaka 26, mzunguko wote unamalizika kwa siku tatu mpaka sita. Kwenye nyuzi 15 unachukua kama siku kumi. Kamango ni bonde la joto, Butembo iko juu mlimani kwenye baridi, na samaki anayetolewa kwenye joto kuingizwa kwenye baridi anadhoofika. Akiwa na doa moja tu njiani, mwenye bwawa kule juu atajua habari yake baada ya majuma mawili, wakati pikipiki imekwisha sahauliwa.

Jirani mmoja alikuja na shauri lake. Samaki wengi bado walikuwa safi kwa macho, na katika maji ya matope nani ataona? « Uza leo jioni, mama. Wakifia Butembo, watasema ni baridi. » Na kwa kweli wangesema hivyo. Shauri hilo lilikuwa zuri kwa mfuko, na mama alilala nalo usiku mzima, akiwa anajua kwamba mtoto wa mwisho bado ana deni la muhula wa tatu.

Jirani mwingine alileta chupa ya dawa ya kijani kutoka upande wa mpaka. Kijana alipoona rangi akaomba isifunguliwe. Malakiti ya kijani inaua kweli ule mnyama, na wenye samaki wa mapambo waliitumia kwa miaka mingi. Lakini inabaki ndani ya nyama ya samaki, na inashukiwa kuleta kansa. Ulaya na Marekani wameikataza kwa samaki wa kuliwa. « Mama mdogo, hawa samaki kuna watu watakaowala, » akamwambia. Chupa ikarudi kwa mwenyewe.

Ikabaki chumvi, ile ya jikoni. Gramu tatu kwa lita moja zinatosha kumsumbua yule anayeogelea na kumsaidia samaki kupata nguvu. Lakini bwawa lile lina mita kumi kwa kumi na maji ya sentimita 80. Hizo ni lita 80000. Gramu tatu mara lita 80000 ni kilo 240, karibu mifuko mitano ya kilo 50, na maji ya mfereji yangeipeleka yote kijitoni kabla ya juma kwisha. Nani Kamango atamwaga mifuko mitano ya chumvi majini? Kwa pipa la lita 200 hesabu inakuwa nyingine: gramu 600, jambo la dukani tu.

Basi wakaazima mapipa manne. Mawili yalijazwa maji ya chemchemi, si ya mfereji, yakatiwa chumvi na kuwekwa chini ya mwembe. Walivua samaki wote waliobaki hai, wakahesabu 640. Kambale ana faida moja: anaweza pia kupumua hewa ya juu, ndiyo maana anavumilia msongamano ambao tilapia asingeuvumilia. Kila asubuhi samaki walihamishwa kwenye mapipa mawili mengine yenye maji mapya, na yale ya jana yakamwagwa mbali na kijito, yakasuguliwa na kulazwa juani mpaka jioni. Maana ya kazi hiyo ni rahisi. Mnyama akishaanguka anahitaji karibu siku nzima kugawanyika, na kabla watoto wake hawajatoka, samaki wamekwisha hama.

Ajabu ni kwamba wafugaji wa samaki wa bahari wanafanya karibu vilevile. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa rangi katika masanduku ya kioo sebuleni, na baadhi ya samaki hao wanavuliwa kwenye pwani ya Kenya. Nao wana madoa meupe yao, yanayoletwa na mnyama mwingine, Cryptocaryon irritans. Si ndugu wa karibu wa huyu wa maji baridi, lakini wanaishi kwa mtindo mmoja. Kule chumvi haina kazi, kwa kuwa mnyama mwenyewe ni wa chumvi. Wao wanaipunguza, au wanatumia dawa ya shaba katika chombo cha pembeni, kwa sababu shaba inaua matumbawe na kamba. Wengine wanahamisha samaki kila siku ya tatu, na sanduku kubwa linaachwa bila samaki kwa majuma sita au zaidi. Mwenye sanduku anapoteza urembo wa sebule. Hapa inapotea ada ya shule.

Siku tatu za kwanza walikufa 170. Mama alitaka kuacha. Siku ya nne walikufa 31, siku ya sita tisa, na kuanzia siku ya nane hakuonekana mwenye doa. Waliendelea mpaka siku ya kumi na mbili kwa kuogopa. Mwisho walibaki 412. Bwawa lenyewe lilikuwa limekwisha kuondolewa maji, yakielekezwa katika shamba la migomba. Liliachwa juani mpaka udongo ukapasuka, kisha likatiwa chokaa, kilo 12 kwa eneo lote, na kungojea majuma mawili mengine kabla ya kujazwa.

Kazi ngumu zaidi haikuwa mapipa. Siku ya tatu, kabla madoa hayajaonekana, nyavu ya mama ilikuwa imeazimwa na majirani wawili. Mtu wa Beni au Butembo hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2200 katika eneo hili, na kila mtu alijifunza, akitaka au asitake, kuulizwa amegusa nani. Mama alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alishukuru, akaacha kuuza, na samaki wake hawakupata kitu. Wa pili alikasirika, akasema anaharibiwa soko. Yeye alipoteza bwawa zima la tilapia wadogo, na mpaka sasa hawasalimiani vizuri.

Kwa mnunuzi wa Butembo alipiga simu asubuhi ile ile aliyokataa shauri la jirani. Mnunuzi alipaza sauti, akadai pesa zake, na mama akauza mbuzi wawili kumrudishia sehemu ya kwanza. Majuma matano baadaye alishuka mwenyewe na pikipiki. Aliangalia samaki katika beseni jeupe, mmoja mmoja, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alichukua 350 na kulipa. Mama alimwomba awaweke kwanza kwenye pipa la pembeni kwa majuma mawili, na awazoeshe baridi polepole kwa kuchanganya maji kidogo kidogo. Alikubali.

Alipokuwa anafunga mifuko aliomba aazimwe na ile nyavu ndogo, atairudisha safari ijayo.

« Hapana, baba, » mama akajibu. « Hii haitoki hapa tena. Sokoni ziko, nenda ununue yako. »