Aliificha Kalenda ya Zilipendwa, Ikamla Jumamosi Saba!

Hapa mjini ukishaambiwa "siku hizi anaringa", ndo imeisha hiyo. Hata ukimsalimia mtu vizuri, ataona unamsalimia kwa huruma. Sasa kuna mdada mpambaji wa maharusi, ana fremu yake pale Sinza, alipewa hilo jina na wala hakuwa na habari. Na aliyemchafulia si mbaya wake wala jirani mwenye kijicho. Ni kalenda ya simu yake mwenyewe.

Twende taratibu.

Mdada alichoka na zile meseji za WhatsApp za "mambo, Jumamosi upo?" Mtu anauliza leo, unamjibu, anapotea siku tatu, anarudi nafasi imeshachukuliwa, halafu ananuna yeye. Akaamua kutumia linki ya kubuku muda, zile programu za aina ya Calendly. Mteja anafungua, anaona tarehe na saa zilizo wazi, anachagua, kazi imeisha. Kwa wasiojua, Calendly yenyewe ilianzishwa mwaka 2013 na Tope Awotona, jamaa mzaliwa wa Lagos, kwa sababu alichoshwa na hayo hayo mambo ya kuandikiana wee ili kupanga kikao kimoja.

Kituko cha kwanza kilitokea siku hiyo hiyo. Anafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, si ndiyo? Akaandika 3:00 mpaka 11:00. Jamani! Programu haijui saa za Kiswahili. Ikaelewa saa tisa usiku mpaka saa tano asubuhi. Mteja wa kwanza akapiga simu anacheka, "Dada, na wewe unapamba wachawi?" Akarekebisha, ikawa 9:00 mpaka 17:00, akaongeza na Jumamosi, maana programu nyingi zinaanza na Jumatatu mpaka Ijumaa tu. Kwa mpambaji, Jumamosi ndiyo mshahara. Kisha akaposti kabisa: "Oda za WhatsApp nimefunga, tumieni linki."

Kwa hiyo akajua ameshamaliza. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Wiki ya kwanza, oda za katikati ya wiki zipo, Jumamosi hamna. Ya pili hamna. Ya tatu hamna. Ikafika saba. Kodi ya fremu ya miezi sita inakaribia, mwenye nyumba hataki stori. Akaanza kufikiria ya kufikiria. Labda mpambaji wa jirani kashusha bei. Labda mkono umechuja. Alishafika hatua ya kutaka kuuza taa zake za kupigia picha.

Kilichomwamsha ni shosti yake wa tangu sekondari. Huyu walishaahidiana zamani kwamba siku ya send-off yake, uso ni wa mdada, hakuna mjadala. Mdada akaona kwenye status mpambaji mwingine anashukuru kupokea advansi ya send-off hiyo hiyo. Akapiga simu, roho juu.

"Shoga, umenifanyia nini?"

"Mimi ndo nikuulize. Nimefungua linki yako mara nne, Jumamosi zote umejaa mpaka Desemba. Nikasema sawa, shoga yangu siku hizi ni wa mastaa."

"Mimi nimejaa? Jumamosi iliyopita nimeshinda nafua mashuka!"

Kimya. Shosti akamtumia skrinshoti. Jumamosi zote zina rangi ya kijivu, hazibonyezeki. Na ile skrini haisemi kwa nini. Haisemi "amesafiri" wala "kuna hitilafu". Inasema tu hakuna nafasi, na mtu anajijazia sababu mwenyewe. Shosti alijaza "anaringa". Na wengine wangapi walijaza hivyo hivyo wakapita kimya?

Usiku huo mdada hakulala. Akachukua simu ya mama yake akafungua linki kama mteja, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu aitengeneze. Mama akachungulia. "Mwanangu, mbona Jumamosi umefunga duka?"

Akachagua Jumamosi moja, saa nne asubuhi, akaamua kuibananisha hiyo moja tu mpaka iseme. Siku na saa za kazi? Zipo sawa. Ukomo wa mbele? Kuna mipangilio ya kuruhusu watu wabuku ndani ya siku 60 tu, zinazobaki zinakuwa kijivu. Yake ilikuwa wazi. Muda wa taarifa, yaani mteja abuku masaa mangapi kabla? Huo unaziba leo na kesho, hauzibi mwezi ujao. Muda wa kupumua kati ya wateja? Huu nao ni mtego: kama kupamba ni masaa mawili na umejiwekea lisaa kabla na lisaa baada, pengo la masaa matatu halimpokei mtu. Ila yeye Jumamosi hakuwa na mteja hata wa dawa. Saa za nchi? Bi harusi aliyeko London kipindi cha joto ataiona saa tatu yetu ya asubuhi kama 7:00, lakini siku haiwi kijivu nzima kwa sababu hiyo.

Ikabaki sehemu moja: kalenda zilizounganishwa. Siku anajiunga aliulizwa kalenda zipi ziangaliwe ili asigonganishe ratiba. Akaweka tiki zote, haraka haraka. Na kwenye hizo zote ilikuwemo moja yenye jina la herufi mbili. Yake, na ya zilipendwa wake.

Walitengeneza pamoja enzi za mapenzi motomoto. Ndani yake kulikuwa na tukio moja: "Siku yetu", kila Jumamosi, 10:00 mpaka 22:00, linajirudia, halina mwisho. Waliachana Januari. Yeye akaificha ile kalenda asiione tena, akajua ameyamaliza. Kumbe kuificha ni kwa macho yake tu. Programu ilikuwa bado inaisoma, inakuta kila tukio limeandikwa "Busy", inawaambia wateja: huyu yuko bize. Jamaa ameshahama mpaka mkoa, lakini Jumamosi bado ni zake!

Alicheka, kisha akalia, kisha akabonyeza kufuta. Simu ikamuuliza: ufute hili tu, hili na yanayofuata, au yote? Akaduwaa. Akachagua hili na yanayofuata. Za nyuma akaziacha, zilikuwa za kweli. Ila za mbele ni za kazi.

Ndani ya dakika chache Jumamosi zikafunguka. Wiki ile ile zikaingia oda mbili. Lakini ya shosti haikurudi, advansi ilishalipwa. Mdada alienda send-off kama mwalikwa, amepambwa na mikono yake mwenyewe, akakaa meza ya nyuma. Wameongea, wamecheka, ila lile neno "wa mastaa" lilishatoka mdomoni.

Kwa hiyo wewe mwenye linki, iwe ya kucha, nywele, tuisheni au vikao vya ofisi, ifungue leo kwa simu isiyo yako. Chagua saa moja unayojua uko huru, uone kama inabonyezeka. Ikigoma, anzia kwenye kalenda ulizounganisha, hasa ile uliyoificha. Na wewe mteja, ukikuta kijivu tupu mpaka Desemba, kupiga simu kunakugharimu nini? Mashine ndiyo imekataa, mwenyewe huenda yuko nyumbani anafua mashuka.

Haya, semeni ukweli: kuna nani alishawahi kumnunia mtu kwa sababu ya "hakuna nafasi"? Na nani bado ana kalenda ya zilipendwa kwenye simu? Fungukeni hapo chini, hatucheki mtu.