Gari Lililo Juu ya Mawe: Bei Yake ya Haki ni Ipi?

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo hatutakwenda mbali. Hatutapanda meli kwenda Unguja, wala garimoshi kwenda Kigoma. Safari yetu ni ya miguu, nayo itatuchukua asubuhi moja tu: kutoka Gerezani, kupitia Shaurimoyo, hadi Keko, papa hapa Dar es Salaam. Lakini usiidharau kwa ufupi wake. Mwisho wa njia hiyo kuna ua, ndani ya ua kuna gari, na juu ya gari hilo kuna swali ambalo limegombanisha ndugu na majirani wengi: kitu kilichoanzwa kikaachwa njiani, bei yake ya haki ni ipi?

Niliifuata njia hiyo Jumamosi moja pamoja na jirani yangu, mfanyakazi wa kiwandani, ambaye tangu utotoni alitamani kumiliki Peugeot 404. Alikuwa amesikia kwamba mama mmoja mjane huko Keko analo moja, nusu limekwisha, nusu bado. Akiba yake ilikuwa ya miaka sita. Kwa hiyo alimwomba fundi mzee aandamane nasi, naye fundi akakubali, huku akituonya kwamba marehemu mwenye gari alikuwa rafiki yake, na kwamba hatasema uongo kwa faida ya upande wowote.

GEREZANI NA SHAURIMOYO

Ukishuka Gerezani, kwenye kituo cha mwisho cha mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016, sikio lako ndilo litakalokuongoza. Fuata mlio wa nyundo. Utawakuta mafundi wanaokunja bati, wanaochomelea mageti na wanaonyoosha vyuma vilivyopinda. Hapo fundi alitusimamisha, akatuambia tutazame kwa makini saa zinazotumika kurudisha kipande kimoja tu cha bati katika umbo lake. "Watu huogopa injini," alisema, "lakini kinachomaliza pesa ni bati."

Tukaendelea hadi Shaurimoyo, kwenye maduka ya vipuri vilivyokwisha kutumika. Milango imeegemezwa ukutani, taa zimepangwa kama vyungu sokoni, na bampa zimening'inizwa juu ya vichwa vya wapita njia. Uliza taa ya Toyota, utaletewa kabla hujamaliza kutamka. Jirani yangu aliuliza taa ya Peugeot 404. Kijana wa duka alimtazama, akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mzee aliyekuwa amekaa nyuma. Mzee akatabasamu, akajibu: "Hiyo, mwanangu, hainunuliwi. Hutafutwa." Jirani yangu aliandika jibu hilo katika daftari lake, na alifanya vema, maana kipande kinachokosekana kwenye gari la zamani hakihesabiwi kwa bei yake tu. Huhesabiwa pia kwa miezi ya kukitafuta.

SIFA YA GARI LENYEWE

Tulipokuwa tukivuka Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita ya Pugu, fundi alitusimulia kwa nini gari hilo lina wapenzi hadi leo. Peugeot 404 ilitolewa nchini Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 barabara zilikuwa mbaya mno hata magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404. Aliyeliendesha gari la ushindi mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania. Si ajabu basi kwamba wazee wa mjini hulitaja kama wanavyomtaja mchezaji hodari wa zamani.

Lakini sifa hailipi deni la kutu. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 fedha za kigeni zilipokuwa adimu, vipuri viliadimika pia, na magari mengi yakaishia juu ya mawe. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na yale ya mawe yakasahauliwa.

KATIKA UA WA KEKO

Keko inanukia mbao. Kila upande kuna vitanda, makabati na viti vinavyosubiri vanishi. Nyuma ya karakana mojawapo tulipokewa na mama mwenyewe. Baada ya salamu na chai, alitupeleka uani. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe manne, limefunikwa turubai. Injini ilikuwa chini, juu ya ubao. Viti havikuwamo. Rangi ilikuwa mpya upande mmoja.

Mama alileta bahasha ya risiti. Marehemu mumewe alikuwa ametumia shilingi 15,000,000 katika miaka minane, na mama hakutaka hata senti kupungua. Bintiye alikuwa akingoja ada ya chuo. Siku chache kabla yetu alikuja mnunuzi wa chuma chakavu, akampa bei ya shilingi 600,000, kwa uzito wa mzani. Mama alimfukuza. Sasa alitutazama kana kwamba sisi nasi tumekuja na mzani mfukoni.

Fundi hakujibu neno. Alipiga magoti, akatoa bisibisi, akagonga bati chini ya milango. Bisibisi ikazama. Ndipo akasema kwa upole: "Shemeji, gari hili halina chasi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo mifupa yake. Rangi hii ilipigwa kabla kutu haijakatwa. Itabidi iondolewe yote. Pesa ya rangi hiyo imekwenda na marehemu."

Maneno yalikuwa machungu, na mama aliinamisha uso. Lakini hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo zima, ndugu msomaji. Bei ya kitu kisichokwisha haihesabiwi kutokana na kilichotumika. Huhesabiwa kutokana na kilichobaki. Mnunuzi hanunui miaka minane ya mwenzake; ananunua kazi iliyo mbele yake. Vivyo hivyo, muuzaji haombi sadaka wala hauzi chuma kwa kilo, kwani ndani ya chuma hicho mna vitu vizima vyenye thamani yake.

HESABU YA FUNDI

Fundi aliomba karatasi, akaandika mbele ya wote wawili. Hesabu hizi ni za gari hilo moja tu, usizichukue kuwa bei za soko. Lakini njia yake inafaa popote.

Kwanza aliuliza: likikamilika vizuri, gari hili litauzwa kiasi gani? Wakakubaliana shilingi 24,000,000. Kisha akaorodhesha yaliyobaki: bati na kuchomelea 4,000,000, rangi 2,000,000, injini 3,000,000, viti na vitambaa 1,500,000, vioo, taa na mipira 2,000,000, breki na matairi 1,500,000. Jumla 14,000,000. Injini haikumtisha, kwani mitungi yake minne imevikwa slivu zinazotolewa na kubadilishwa, hivyo iliyochakaa haina haja ya kutupwa.

Juu ya jumla hiyo aliongeza robo, yaani 3,500,000, kwa ajili ya yale yasiyoonekana, kwa kuwa gari lililofunguliwa na mtu mmoja likafungwa na mwingine halikosi mambo ya kushtukiza. Mwisho akaweka 2,000,000 kwa taabu ya mnunuzi mwenyewe: nafasi ya kuliweka, safari za kutafuta vipuri, na hatari ya kushindwa kama alivyoshindwa wa kwanza. Ukitoa yote hayo katika 24,000,000, kinabaki 4,500,000. Akapima pia kwa njia ya pili: lau lingeuzwa kipande kimoja kimoja, lingeleta kama 4,000,000. Bei ya haki haiwezi kushuka chini ya hapo.

Mama alisoma karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sote tulikuwa hatujalifikiria: "Hivi vioo na taa mlizoandika, ni zipi?" Fundi akamwonyesha matundu. Mama akaingia ndani, akatoka na sanduku lililofungwa kanga. Ndani yake, katika maranda ya mbao, mlikuwa na kioo cha mbele kizima, taa mbili na mipira yake. Marehemu alikuwa amevinunua na kuvificha chini ya kitanda, na risiti zake zilikuwemo bahashani.

Jirani yangu angeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mama hakujua uzito wa sanduku lile. Lakini yeye ndiye aliyemwambia fundi afute. Vioo, taa na mipira vikashuka kutoka 2,000,000 hadi 800,000; na kwa kuwa orodha ilipungua, robo ya yasiyoonekana ikapungua kwa 300,000. Bei ikapanda hadi 6,000,000.

Likabaki jambo la hati. Kadi ya gari ilikuwepo, na namba ya chasi ilisomeka sawasawa. Lakini jina lilikuwa la marehemu, na aliyeruhusiwa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bahati njema mama alikwisha kuteuliwa. Gari lisilo na hati halali ni rundo la vipuri tu, na hesabu yake hubaki ile ya njia ya pili.

Mama hakutoa jibu siku ile. Aliichukua karatasi, akasema atakaa na binti yake waijumlishe upya. Jumatano alimpigia jirani yangu simu: wamejumlisha mara tatu, imekuja ile ile.

Pengine wewe, ndugu msomaji, huna gari juu ya mawe. Lakini huenda una nyumba iliyoishia kwenye linta, au unataka kununua ya mwenzako iliyoishia hapo. Chukua karatasi, andika yaliyobaki, na uandike mbele ya yule unayepatana naye. Kisha umwulize kama kuna sanduku chini ya kitanda.

Gari lilivutwa Jumapili iliyofuata. Mama alimkabidhi jirani yangu kadi, funguo, na ile bahasha ya risiti. Alisema yeye haihitaji tena, ila mwenye kumalizia kazi anapaswa kujua mwenzake aliishia wapi.