Chaka Haingoji Laptop ya Mwakani

Huku Uingereza kungoja laptop mpya ni starehe. Kila Januari makampuni hukutana Las Vegas kwenye maonyesho ya CES na kutangaza prosesa za mwaka huo, na wenzangu kazini huanza mjadala: tununue sasa, au tuvumilie hadi hizo mpya zifike madukani? Mjadala huo waweza kuendelea mwaka mzima bila mtu kuumia, maana kila anayebishana tayari ana laptop inayofanya kazi. Na akinunua mtandaoni kisha ajute, sheria inampa siku 14 za kughairi bila kueleza sababu.

Mpwa wangu wa Chaka, kule Nyeri, naye aliniuliza, "Mjomba, ninunue saa hii ama ningoje zile mpya?" Lakini yeye anangoja mikono mitupu. Kazi za chuo anachapa kwa simu, na ripoti ikiwa ndefu anakwenda saiba, analipia muda. Muhula haumngoji Intel.

Tena "zile mpya" zake si za Las Vegas. Kwetu, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, mwanafunzi asiye na pesa nyingi huangukia ex-UK: EliteBook, ThinkPad au Latitude iliyotumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, ikasafishwa, ikauzwa Nairobi, kisha ikapanda matatu. Kwa hiyo siku ya kuangaliwa ni ile mhasibu wa kampuni fulani huku anapoamua mashine za zamani ziondolewe. Wengi waliamua hivyo kwa sababu ya 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka, isipokuwa kwa nadra, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine za kizazi cha 6 na 7, hata zikiwa na afya tele, zikageuka mzigo ofisini. Msomaji wa Nyeri hahitaji kuambiwa mizigo ya namna hiyo huishia wapi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomshauri angoje bei ishuke. Itashuka, naam, lakini ya hizo hizo zilizokataliwa. Zenye umri mdogo sina hakika nazo: mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa duniani kote, kwa kuwa watengenezaji wanavikimbilia vituo vya data vya akili mnemba, vyenye pesa kuliko mimi na wewe.

Kungoja kwenyewe tumekufanyia majaribio Kenya nzima. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia na ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, na watoto wa ahadi ile walikuwa wamekwisha kulipita darasa la kwanza.

(Kwa wanaopenda kujua: katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri, kuna Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya kutengeneza chipu. Nawatajia wenzangu wa huku kila wanapodhani kwetu ni chai na kahawa tu. Ila prosesa ya laptop ya mpwa wangu haitatoka huko muhula huu.)

Nimemwambia anunue. Kizazi cha 8 au zaidi, na asiridhike na stika. Afungue mipangilio asome jina la prosesa mwenyewe. Achomoe chaja aitumie palepale dukani, betri ionyeshe ukweli wake. Ikiwashwa ikadai nenosiri la kampuni asiyoijua, airudishe kaunta: mwenyewe wa kwanza aliifunga, na muuzaji akisema "fundi ataifungua", basi ifunguliwe kwanza ndipo M-Pesa itumwe. Na aulize kama RAM inaweza kuongezwa, kwa sababu nyingine imechomelewa kabisa. Alama ya pauni juu ya 3 kwenye kibodi atazoea.