Kidonge cha Baba Mdogo si Dawa ya Ukoo Mzima

Kwetu Kaisho, mgonjwa anaporejea kutoka hospitali huja na mambo mawili: habari ya nafuu na mfuko wa dawa. Habari ile humfurahisha kila jirani. Mfuko nao, polepole, huwa mali ya kila jirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu mdogo. Alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Vipimo vilionyesha kuwa damu iliganda ikaziba mshipa wa ubongo. Miongoni mwa dawa alizoandikiwa ni kidonge kidogo cha asprini cha miligramu 75, akitumie kila siku. Haukupita mwezi kidonge kile kikapata jina jipya nyumbani: "kinga ya kiharusi." Shangazi akaanza kukimeza. Kisha baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, akaniagiza nimletee pakiti kutoka duka la dawa.

Amri ya mzazi ni nzito, na bei ya asprini ni ndogo. Hata hivyo nilimwomba ruhusa nikaulize kwanza. Tabibu wa zahanati alinijibu kwa swali: "Mzee wako aliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo? Presha yake ni ngapi? Ana vidonda vya tumbo?" La kwanza nilijua jibu lake: hapana. Mengine mawili hakuna aliyeyajua nyumbani.

Nilichojifunza siku ile nakiandika hapa kwa manufaa ya familia zetu. Asprini hudhoofisha chembe zinazogandisha damu, na chembe iliyodhoofishwa haipati tena nguvu yake hadi inapokufa, baada ya siku saba hadi kumi. Kwa aliyekwisha kuzibwa mshipa, hiyo ni rehema, kwani hupunguza hatari ya kuzibwa tena. Lakini kiharusi kipo cha namna mbili: cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka. Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa yumo hatarini kwa vyote viwili, na mshipa ukipasuka, damu isiyoganda upesi huongeza madhara. Tena asprini huondoa ulinzi wa ukuta wa tumbo, ndiyo maana huweza kusababisha vidonda na kutokwa damu. Shangazi aliyaona hayo. Alianza kupata choo cheusi kama lami, akalazwa na kuongezewa damu. Alhamdulillah, alipona.

Umri nao una hukumu yake. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee 19,114 wasio na ugonjwa wa moyo wala historia ya kiharusi, wengi wao wenye miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa asprini ya miligramu 100 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya takriban miaka mitano, asprini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na afya. Kutokwa damu kwingi kuliwapata watu 38 katika kila 1,000 waliotumia asprini, na 28 katika kila 1,000 wasioitumia. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani likashauri kwamba mwenye miaka 60 au zaidi, asiye na ugonjwa wa moyo wala historia ya kiharusi, asianze asprini kwa ajili ya kinga.

Nilipomweleza baba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nipeleke nikapimwe." Presha yake ilikuwa 178 kwa 102. Hakuwa akiumwa kichwa wala kuhisi lolote. Leo anatumia dawa ya presha, amepunguza chumvi, na ana daftari lake dogo la vipimo.

Kiharusi hakipo mbali nasi. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa maradhi haya huipata nchi yetu kwa kiwango kikubwa, na Dar es Salaam ilikuwa na viwango vilivyo miongoni mwa vikubwa duniani. Wazee husema kinga ni bora kuliko tiba. Ni kweli, ila kinga nayo ina mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla mzee wako hajameza kidonge cha mwenzake, mpeleke apimwe presha na sukari. Mtaje kwa tabibu umri wake, vidonda vya tumbo kama anavyo, na dawa nyingine anazotumia, zikiwemo za maumivu ya viungo. Aliyeandikiwa asprini na daktari kwa sababu ya moyo au kiharusi asiiache kwa kusoma makala haya, aulize kwanza. Na Ramadhani ikikaribia, amwone daktari mapema wapange saa ya kuimeza baada ya kula, wakati wa futari au daku, ili tumbo tupu lisidhurike. Watoto wenye homa wasipewe asprini kabisa bila amri ya daktari. Mwili ni amana, na kila mmoja wetu amepewa wake.