Tumbusi Chini ya Mgunga

Atokaye Pwani akafika Isiolo kwanza huiona minara ya Msikiti wa Jamia, kisha huhisi vumbi kooni. Tulikwenda kuwazuru jamaa, na siku ya pili tukatoka na watoto kuelekea Buffalo Springs, ambako chemchemi hububujika katikati ya nchi kavu.

Hatukufika mapema. Kando ya njia ya mbuzi, chini ya mgunga, tulimkuta tumbusi amekufa, mbawa zimetandaa, makucha yamekunjamana kama ngumi. Mtoto wetu mmoja aliyakimbilia manyoya. Mwenyeji wetu, mama wa Kiborana aliye rika la bibi zetu, akamdaka mkono: "Usiguse, mwanangu. Huyu hakufa hivi hivi."

Simba au fisi akiua ng'ombe usiku, mfugaji mwenye uchungu huweza kuutia mzoga dawa ya wadudu ya mashambani, kama kabofurani, ili muuaji akirudi afe. Wanaotangulia kufika mara nyingi ni tumbusi. Hutazamana angani, mmoja akishuka, wa mbali humfuata, na mzoga mmoja huua makumi. Nao huzaa polepole, kwa kawaida yai moja tu kwa msimu, hata tumbusi mgongo-mweupe sasa amo hatarini mno kutoweka duniani. Sisi humbeza kwa kula nyamafu, bila kujiuliza nani angeisafisha nyika hii kama si yeye.

Mama alishika simu, akanyamaza kitambo. Alimjua jirani aliyepoteza ng'ombe juma lile. "Nikipiga, watoto wa jirani yangu watahojiwa," alisema. "Nisipopiga, mbuzi wao watapita hapa hapa, na wachungaji wao ni wadogo kuliko huyu wenu."

Akapiga, kwanza kwa chifu, kisha kwa maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Aliulizwa mahali penyewe, idadi ya ndege, kama pana mzoga mwingine karibu, na kama kuna aliyegusa. Tukapiga picha kwa mbali, tukawazuia watoto na mbwa, tukangoja kivulini. Chemchemi tukazisahau.

Alasiri maafisa walifika wamevaa glavu. Walichukua sampuli za kupimwa, wakautafuta mzoga wenye sumu, wakaukuta bondeni, wakauteketeza pamoja na ndege. Tumbusi walikuwa wanne. Watoto walitazama kimya. Mmoja alituuliza kama ndege naye husomewa dua.

Njiani Mama alitueleza kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 humpa mfugaji haki ya kudai fidia ya mifugo iliyouawa na mnyama wa mwituni, ila lazima aripoti, na malipo huchukua muda mrefu kuja.

Baada ya Magharibi alijitanda mtandio, akachukua kibuyu cha maziwa, akaenda kwa yule jirani. Alirudi Isha imekwisha adhiniwa. Hakutuambia walizungumza nini, nasi hatukumuuliza.