Kanda za Harusi za Muthurwa

Muthurwa ni jina ambalo wengi wa jamaa zetu wa pwani walilizoea kabla ya kuijua Nairobi yenyewe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka iliyofuata wafanyakazi wake walijengewa makao si mbali na stesheni, kandokando ya barabara iitwayo hadi leo Landhies. Watu wa reli waliyaita makao hayo landi: safu za vyumba vya mawe, bomba la maji la pamoja, na ua uliotosha kutandikwa majamvi. Mpwani aliyehamishiwa huko akiwa karani au gadi wa gari la moshi alikwenda na mkewe, na baada ya miaka akaozesha mabinti zake katika ua huo huo, kwa kuwa chumba hakikuwatosha wageni.

Anayeshuka Muthurwa leo hulakiwa na soko na kituo cha matatu. Soko lilijengwa kiasi cha mwaka 2008 ili wachuuzi waondoke katikati ya mji, na humo utapita baina ya marundo ya mitumba, sufuria na viazi huku makanga wakikuitia safari usizozitaka. Nyumba za reli zina habari yake. Mwaka 2010 wapangaji walitakiwa kuhama na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, uliokuwa mmiliki. Wakaenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 mahakama ikaamua kuwa haki zao, ikiwemo haki ya makazi, zilikiukwa. Jamaa zetu walikuwa wameshatawanyika kabla ya hapo, baadhi Eastleigh, baadhi Mombasa, wengine Maskati.

Kilichobaki cha ua ule ni kanda saba za video, za harusi tatu za miaka ya mwanzo ya tisini, zilizokaa kabatini kwa shangazi yetu Mombasa mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kabati la Mombasa si mahali pema pa kanda. VHS, ambayo kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1976, ni utepe wa plastiki wa upana wa milimita 12.7 uliopakwa unga wa madini ya chuma kwa gundi. Picha imo katika unga, lakini kinachozeeka mapema ni gundi. Unyevu wa pwani huilainisha ikanata, na kuvu huota ukingoni mwa utepe mfano wa vumbi jeupe. Kanda yenye vumbi hilo isitiwe katika deki kabla ya kusafishwa na ajuaye, kwani itachafua vichwa vya mashine na kuziharibu nyingine zitakazofuata. Na deki zenyewe zimekwisha: kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuziunda, iliacha Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilishiriki kutoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya kanda za sumaku, na wataalamu wa hifadhi walikuwa tayari wameutaja mwaka 2025 kuwa ukingo wa matumaini. Mombasa tulipata deki moja, nayo ilikuwa ikitafuna kanda. Khalati yetu wa Nairobi akatwambia yuko fundi wa vyombo vya umeme kwenye kichochoro karibu na soko la Muthurwa, mwenye deki mbili nzima.

Tukapanda treni Miritini. Wanaosafiri wanajua kuwa mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, basi kanda tulizifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisha kikapuni. Mashine ya miale haizidhuru; kinachofuta kanda ni sumaku. Syokimau tukabadilisha treni hadi stesheni ya kale, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu.

Lililotushughulisha njia nzima halikuwa bei. Kanda hainakiliwi kwa dakika moja mithili ya picha za simu. Hapana budi ichezwe tangu mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wake, na harusi ya saa tatu ni kazi ya saa tatu, na kwa kawaida fundi huwa mbele ya kioo muda wote huo. Sasa, nusu ya kanda hizi ni nikaha, wanaume na kahawa. Nusu ya pili ni singo, kupamba na vugo: mama zetu na dada zetu vichwa wazi, mikono wazi, wakicheza ndani ya turubai lililofungwa pande zote, na kamera mkononi mwa mwanamke mwenzao. Walikubali kupigwa picha kwa amana. Na kanda, kwa uzito wake na haja yake ya deki, iliilinda amana hiyo miaka thelathini bila ya mtu kuamrishwa.

Fundi, kijana wa bara asiye Mwislamu, alitusikiliza bila kucheka. Alitwambia kazi yaweza kufanywa bila yeye kutazama. Alijaribu kwa dakika chache za nikaha, akaunganisha deki na kompyuta kwa kifaa kidogo mfano wa kidole, akaelekeza rikodi iende moja kwa moja kwenye diski tuliyokwenda nayo ili kwake kusibaki kitu. Kisha akakigeuza kioo upande wetu, akavuta shuka baina yetu na mlango.

“Mama, mkiona mistari inapanda, zungusheni hapa polepole,” alisema akituonyesha kitufe, akatoka kwenda kutengeneza redio yake.

Tulikuwa wanne, na mmoja wetu ndiye bibi harusi wa kanda ya tatu, ambaye leo ana wajukuu. Rangi zilikuwa zimefifia, nyekundu ikimwagika nje ya kanga. Bomba la landi lilionekana, ndoo zikiwa foleni, na nyuma yake masufuria ya pilau juu ya mafiga. Behewa lilipita likakata wimbo. Hakuna aliyeacha kucheza. Halafu akatokea mama wa bibi harusi, marehemu sasa, akihesabu sahani na kumgombeza mtu asiyeonekana. Hakukaa hata nusu dakika. Bintiye akasema, “Rudisheni.” Hatukuweza: ukirudisha kanda, rikodi inaharibika, na utepe mkongwe huenda usistahimili kupita mara mbili. Akangoja saa moja na dakika arubaini zilizobaki, mkono ukiwa mdomoni, ndipo akamtazama mamake kutoka kwenye diski, mara kumi au zaidi, kwa sababu sasa kurudisha hakuumizi chochote.

Kanda tano zimeokoka. Mbili zina kuvu, nazo tumeziacha kwa khalati Nairobi, kwenye hewa kavu kidogo, zikisubiri mwenye ujuzi wa kuzisafisha.

Ubishi ulianza jioni ile ile. Mabinti wa Maskati, waliosikia habari, walitaka watumiwe kwenye simu. Sheria ya kulinda data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu, lakini hakuna sheria itakayoirudisha picha ya mama yako ikishaingia kundi la watu mia mbili. Tumeafikiana hivi: nikaha na ua vitumwe kwa kila atakaye, turubai libaki katika diski mbili tu, moja Mombasa na moja Nairobi, zikiwa mikononi mwa wanawake, na atakaye kuona aje akae nasi. Wamenuna, na tunawaelewa, maana nauli ya kutoka Maskati si ndogo.

Katika kanda ya pili yumo jirani wa landi, mrefu, mwenye gauni la kijani, aliyecheza kuliko wote. Hakuna kati yetu anayemkumbuka jina wala aliko, na hatukuweza kumwomba ruhusa. Tumemwacha alipo, hatujamkata. Ila sehemu ile hatujaionyesha kwa yeyote ambaye hakuwepo siku hiyo.